Mwisho wa Reli, Siku ya Kombe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Mashujaa

Kila droo ya Kombe la Shirikisho, kombe la mtoano la Tanzania, ikitutupia sisi Mashujaa wa Kigoma Simba au Yanga, simu yangu inageuka kijiwe cha bodaboda. Wanaouliza ni walewale na maswali ni yaleyale: jirani wa Mwanga, shemeji wa Kasulu, wanafunzi niliowafundisha hesabu zamani ambao sasa wana mitumbwi yao Kibirizi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mimi si mchambuzi wa redio. Asubuhi nafundisha hesabu, jioni nashabikia Mashujaa, na kazi hizi mbili hazipatani kila siku.

Kwa kifupi, mwalimu, tutavuka?

Pengine hapana. Ukinibana nitaje namba, nitakwambia tukiwa nyumbani tuna nafasi kati ya 28 na 34 katika 100. Ugenini punguza.

Najua umeshakunja uso. Lakini mama anayeanika dagaa Kibirizi, akiambiwa leo mvua ina nafasi 30 katika 100, haachi dagaa wake mchangani akaenda kulala. Anaweka turubai karibu na anatazama juu kila baada ya muda. Thelathini katika mia ni kitu kinachotokea. Kinachokera ni shabiki anayeisikia namba hiyo na kuipokea kama sifuri, na yule mwingine anayeipokea kama ahadi. Wote wawili wananipigia simu baada ya mechi.

Hizo 28 na 34 umezitoa wapi?

Ni makadirio yangu, si takwimu za shirikisho. Lakini njia yake si ya ramli, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuirudia.

Tuseme tunacheza na mkubwa, na tunakadiria kwamba sisi tutafunga wastani wa bao 0.7 na wao 1.6. Yaani mechi kama hiyo ikirudiwa mara kumi, sisi tungeambulia mabao saba, wao kumi na sita. Kuna hesabu ya Mfaransa Poisson inayogawa nafasi za mambo yanayotokea kwa nadra, na bao ni jambo la nadra. Ukiipitisha hapo, majibu yanakuja hivi: sisi kushinda ndani ya dakika 90 ni 16 katika 100, sare 25, wao 59.

Kwenye ligi ningeishia hapo na kusikitika. Ila hii ni mechi ya mtoano. Sare ya ligi inakupa pointi moja na safari ya kurudi nyumbani. Sare ya mtoano, katika hatua ambazo dakika 90 zikiisha mnakwenda moja kwa moja kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, inakupa nusu ya tiketi. Nusu ya 25 ni 12 na kitu. Jumlisha na 16, unapata 28.

Sasa ndipo utamu ulipo. Chukua mechi hiyohiyo uikaushe. Wao wanabaki bora kuliko sisi kwa uwiano uleule, ila mabao yanapungua kila upande: sisi 0.44, wao 1.0. Nafasi yetu ya kushinda ndani ya dakika 90 haisogei, ni 16 vilevile. Sare inapanda hadi 35. Nusu ya 35 ni 17 na nusu, jumla karibu 34. Hapo hakuna kijana wetu aliyejifunza chenga mpya wala aliyesajiliwa kutoka Kongo. Tano au sita zimeongezeka kwa sababu tu mechi ina mabao machache.

Mtu mmoja wa Ujiji aliniambia hesabu hii inaua raha ya mpira. Nikamwambia raha yake naiheshimu, ila aangalie mechi zote kubwa ambazo mdogo alivuka, ahesabu ni ngapi ziliisha 4-3.

Mbona Simba tumewatoa mara mbili? Ile nayo ilikuwa hesabu?

Swali hili ndilo la maana kuliko yote, na jibu lake halipo kwenye majina ya wachezaji. Lipo kwenye kalenda.

Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 26, 2018, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Sisi tulikuwa timu ya daraja la chini ambayo watu wengi wa pwani walikuwa hawajawahi kuisikia. Tukashinda 3-2. Kigoma ilipiga honi mpaka usiku, na kwa wiki nzima kila mtu alikuwa "nilijua". Lakini hebu rudisha kalenda siku tatu nyuma. Desemba 23, uwanja huohuo, Simba waliifunga Nkana ya Zambia 3-1 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Jiji zima lilikuwa linasherehekea. Ikapita Krismasi. Halafu wakatokea vijana kutoka mwisho wa reli, ambao kwao mechi hiyo ndiyo iliyokuwa Ligi ya Mabingwa.

Mara ya pili, Aprili 9, 2024, Uwanja wa Lake Tanganyika, nyumbani kwetu. Dakika 90 ziliisha 1-1, tukashinda kwa matuta 6-5. Rudisha kalenda tena. Aprili 5 Simba walikuwa Cairo, wamefungwa 2-0 na Al Ahly, wametolewa robo fainali ya Afrika baada ya kupoteza pia mechi ya kwanza. Siku nne baadaye wako Kigoma. Yaani kutoka Misri hadi Ziwa Tanganyika na huzuni mfukoni, kuja kucheza mechi ambayo wakishinda hakuna atakayewapongeza na wakifungwa nchi nzima itacheka.

Unaona kinachofanana? Mara zote mbili mkubwa alikuja akiwa ametoka kwenye jambo zito zaidi. Mara moja alitoka kwenye furaha, mara moja kwenye msiba, na vyote viwili vinachosha miguu. Ndiyo maana mimi droo ikitoka siulizi kwanza nani majeruhi. Nauliza: siku tatu au nne kabla ya mechi yetu, hawa watakuwa wapi?

Sisemi vijana wetu hawakufanya kazi. Kalenda inafungua mlango tu, kuingia ni juu yako. Timu nyingi ndogo zimekutana na Simba iliyochoka na bado zikafungwa tatu.

Kwa hiyo tuwaombee wafike mbali Afrika?

Ndiyo. Na hapo uzalendo na ubinafsi vinakwenda njia moja, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Hiyo ni Simba. Yanga je?

Kwa Yanga shingo yangu inakuwa fupi. Februari 2025 walikuja hapahapa Lake Tanganyika kwenye ligi wakatufunga 5-0. Sikuandika chochote siku hiyo, na walionipigia simu sikupokea.

Lakini wapo waliowatoa. Aprili 2017 Mbao ya Mwanza iliitoa Yanga nusu fainali kwa 1-0 pale CCM Kirumba, na bao lenyewe beki wa Yanga alijifunga. Fainali yake ilichezwa Dodoma na Simba, ikafika dakika 30 za nyongeza kabla Mbao hawajalala 2-1. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa iliifunga Yanga 2-0 nusu fainali, Uwanja wa Samora. Zote mbili zilikuwa nyumbani kwa mdogo, na kote huko mkubwa aliondoka bila bao. Ukiniuliza mpango dhidi ya Yanga, ni huo: usiruhusu bao, halafu subiri. Sina mwingine.

Uwanja wa nyumbani unatusaidia kiasi gani?

Chini ya watu wanavyodhani, na kwa sababu tofauti na wanazotaja.

Kwanza tuache hadithi ya hewa nzito. Uso wa ziwa uko kama mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Huo si mlima wa kumkata mtu pumzi. Kinachowachosha wageni ni safari. Kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, na hata wakija kwa ndege, kuna siku nzima imekatwa kwenye mazoezi, kuna kitanda kigeni, na kuna nyasi ambazo mpira haudundi kama walivyozoea. Mechi za Aprili zinaongezea mvua za mwisho wa msimu. Uwanja ukilowa, pasi fupi za mkubwa zinakuwa fupi zaidi ya alivyokusudia.

Kelele ndiyo sehemu ninayoitilia shaka, na sababu ipo kwenye swali linalofuata.

Mimi ni Simba tangu tumboni kwa mama. Siku hiyo nivae jezi gani?

Hapa pana mjadala ambao hautaisha leo wala kesho, ila acha niseme ninavyouona.

Ukiingia Lake Tanganyika siku Simba au Yanga wanakuja, utadhani mgeni ni Mashujaa. Nusu ya jukwaa, wakati mwingine zaidi, imevaa rangi ya mgeni. Hawa si watu waliokuja na basi kutoka Dar. Ni watu wa Gungu, Katubuka, Buzebazeba, watoto wa hapa. Sababu yake haina siri. Simba na Yanga walikuwepo redioni kabla baba zetu hawajaoa. Mashujaa wamepanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, baada ya kuitoa Mbeya City kwenye mchujo. Mtu wa miaka hamsini ameipenda Simba kwa miaka arobaini, na Mashujaa ya Ligi Kuu anaijua kwa muda mfupi kuliko anavyoijua pikipiki yake. Huwezi kumwambia abadilike Jumanne moja saa tisa.

Halafu Mashujaa ni timu ya jeshi. Wapo wanaosema si yetu, ni ya kambini. Mimi nawajibu kwamba Kigoma imetoa wachezaji tangu zamani, Juma Kaseja aliyedaka miaka mingi Simba na Taifa Stars ni mzaliwa wa huku, na kwa miaka mingi vipaji vyetu vilikuwa vinapanda treni tu. Leo pana timu ambayo treni inaileta Simba kwake. Nani anaimiliki ni swali la pili.

Sasa jezi. Nimeona njia tatu. Wapo wanaovaa ya Mashujaa wazi na kulipia utani mwaka mzima. Wapo wanaovaa nyekundu au kijani na kukaa kimya mpaka waone upepo. Na wapo wengi zaidi wanaokuja na shati la kawaida, la buluu ya mbali au kahawia, wakisema wametoka kazini. Hao wa shati la kazini ndio ninaowafuatilia. Dakika ya sabini, matokeo yakiwa 0-0, utawasikia wanaanza kusema "sisi". Hawajui wamesema. Mke wangu, ambaye ni Yanga wa kutupwa, alisema "tumekosa kona" mwaka 2024 akimaanisha Mashujaa. Nikanyamaza nisije nikaharibu.

Kwa hiyo jibu langu: vaa unachotaka, ila usizomee vijana wa nyumbani. Zomea mwamuzi kama lazima uzomee mtu.

Na mwamuzi? Si huwa anawabeba wakubwa?

Kila shabiki wa timu ndogo duniani anaamini hivyo. Ninachoona mimi ni kwamba timu inayoshambulia dakika sabini inapata kona nyingi, faulo nyingi na penalti nyingi, na kwa jicho la anayejilinda kila moja ni ya kupewa. Dawa yake ni kutocheza ndani ya boksi letu muda wote. Nakwenda swali jingine kabla sijapigiwa simu.

Kwa nini kocha asishambulie? Kupaki basi ni woga.

Rudi kwenye 28 na 34.

Ila kuna kupaki na kupaki. Kukaa wote kumi kwenye boksi, kubutua mpira ovyo na kuupokea tena baada ya sekunde nne, hiyo siyo kukausha mechi. Hapo mabao yetu yanashuka hadi karibu na sifuri na yao hayashuki. Kukausha mechi ni kupunguza pande zote mbili: mpira wa kurusha unachukua muda wake, faulo inapigwa baada ya ukuta kupangwa vizuri, mpira unapelekwa kwenye kibendera cha kona upande wao na kubaki huko. Vijana wa jeshi pumzi wanayo. Kinachowaponza mara nyingi ni dakika tano za haraka baada ya kupata nafasi moja nzuri, pale uwanja unapoamka na kila mtu anataka kupanda mbele.

Na dakika za mwisho, jamani. Novemba 2024 Simba walitufunga hapahapa 1-0 kwenye ligi, na bao lilikuja dakika za nyongeza, watu wameshaanza kutafuta funguo za pikipiki. Ingekuwa kombe, sekunde hizo ndizo zingekuwa tofauti kati ya matuta na kurudi nyumbani.

Bao letu litatoka wapi basi?

Mipira iliyokufa. Kona, faulo ya pembeni, mpira mrefu wa kurusha. Mdogo hahitaji kumiliki mpira ili apate kona moja.

Uwanja wetu wenyewe umeshaliona somo hilo. Julai 25, 2021, fainali ya kombe hili ilichezwa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, na mji ulifurika mpaka vyumba vya kulala wageni vikaisha. Mechi ilikuwa ngumu, Yanga wakabaki kumi baada ya Mukoko Tonombe kutolewa kwa kadi nyekundu, na bado hapakuwa na njia ya katikati. Bao pekee lilitoka kwenye kona, kichwa cha Taddeo Lwanga. Kama wakubwa wawili wenye wachezaji wa bei mbaya walihitaji kona kumaliza ubishi wao, sisi ni akina nani tutafute pasi ishirini?

Tukifika kwenye matuta, ni bahati nasibu?

Nimeyahesabu nusu kwa nusu, na kwa hesabu za jumla hiyo inatosha. Lakini si bahati nasibu kama ya tiketi.

Penalti kwa wastani huingia tatu katika nne. Hiyo ina maana anayebeba mzigo ni mpigaji, kipa hana cha kupoteza. Na kwenye mechi yetu, mpigaji wa timu kubwa anabeba mzigo zaidi. Akikosa, kesho yuko kwenye kurasa za mbele za magazeti. Wa kwetu akikosa, watu watasema "walijitahidi". Desemba 2017, Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, iliwatoa Simba waliokuwa wanashikilia kombe, kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1 pale Chamazi, Dar es Salaam. Kesho yake kocha wa Simba hakuwa na kazi. Fikiria unatembea kutoka mstari wa kati ukijua hilo.

Mambo machache ya kanuni ambayo watu hubishana jukwaani: mwamuzi anarusha shilingi mara mbili, ya kuchagua goli na ya kuchagua nani aanze. Wanaopiga ni wale tu waliokuwa wanacheza filimbi ya mwisho ilipolia, kwa hiyo kocha anayemtoa mpigaji wake bora dakika ya 88 ili kupoteza muda amejichimbia shimo. Na kipa lazima awe na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, usawa wake au nyuma yake wakati mpira unapigwa.

Kuanza kupiga kunasaidia? Wapo waliohesabu wakasema anayeanza hushinda 60 katika 100. Wakaja wengine na mechi nyingi zaidi, wakakuta tofauti ni ndogo sana. Mimi ningechagua goli lililo mbele ya watu wetu, kama tungejua watu wetu wamekaa upande gani.

Nikiweka mkeka wa kubeti?

Mimi siweki, lakini nitakufundisha kuusoma. Chukua 1, ugawe kwa namba waliyoiandika. Wakiandika 7.50 kwa Mashujaa kushinda, wanasema nafasi ni kama 13 katika 100. Fanya hivyo kwa matokeo yote matatu, mfano 1.40, 4.20 na 7.50, halafu jumlisha. Utapata 108 na ushee badala ya 100. Hizo nane zilizozidi ndiyo ada yao, inakatwa hata siku unayoshinda. Angalia pia kwamba "kushinda" kwenye mkeka mara nyingi ni dakika 90 tu. Jirani yangu mmoja alishangilia matuta ya 2024 kwa dakika kumi nzima kabla hajagundua kwamba tiketi yake ilikufa kwenye 1-1. Na kama una chini ya miaka 18, hukupaswa kusoma aya hii.

Tupo Tabora. Maneno yako yanatuhusu?

Yanawahusu, ndugu zetu wa katikati ya reli. Nyie mna mfano mzuri kuliko wetu. Agosti 2023 timu yenu, bado ikiitwa Kitayosce, ilianza Ligi Kuu Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani. Ilikuwa imeshafungwa 4-0 pale wachezaji walipopungua chini ya saba, mechi ikavunjika hata nusu saa haijafika. Watu walicheka nchi nzima. Novemba 7, 2024, ikiwa Tabora United, timu hiyohiyo ikawafunga Yanga 3-1 palepale Chamazi.

Na kalenda? Siku tano kabla, Yanga walikuwa wamefungwa na Azam, na beki wao Bacca alipata kadi nyekundu kwenye mechi hiyo. Wiki moja hivi baada ya kufungwa na Tabora, kocha wao Gamondi akaondoka. Halafu Aprili 2025 Yanga wakaja Ali Hassan Mwinyi wamepumzika na wamejipanga, wakashinda 3-0.

Tukifungwa bao la mapema, niondoke?

Ukiondoka utakutana na foleni ya walioondoka. Kaa.

Tukishinda tunapata nini hasa?

Raundi inayofuata. Bingwa wa kombe ndiye anayepewa nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na njia ya kufika huko ni ndefu. Baada ya Simba mwaka 2024 tulikwenda robo fainali, Ihefu wakatutoa. Hakuna aliyepiga honi siku hiyo, na wengi hata hawakumbuki kwamba mechi hiyo ilichezwa. Hilo ndilo tatizo la kumpiga mkubwa: mji unamaliza furaha yote kwenye raundi moja.

Wewe ulikuwa wapi siku ya matuta?

Jukwaani, upande wa jua, nimebanwa kati ya kijana mwenye vuvuzela lililopasuka na mzee mmoja wa Ujiji aliyevaa kofia nyekundu ya Simba. Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani na mzee alikuwa amefunga, midomo imekauka. Dakika 90 zote hakusema neno nami. Simba waliposawazisha alipiga goti lake mara mbili, basi. Matuta yalipoanza alivua kofia akaiweka mapajani, sikujua kwa dua au kwa joto. Sita kwa tano. Uwanja ukapasuka, yule kijana akaniangukia. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameikunja kofia na kuitia mfukoni, anajipangusa macho kwa kiganja.

"Mwalimu," akaniuliza, na sikuwa nimemwambia mimi ni mwalimu, "raundi ijayo tunacheza na nani?"